Kiunzi cha Goti, Anguko la Mtu Mzima



Hapa tumezoea kuzungumza singo, udi, mahari na namna ya kukaa vizuri na mawifi. Leo nataka tuzungumze farasi. Najua wengine mtashangaa, lakini nisomeni mpaka mwisho, kwani jambo hili limeingia nyumbani kwetu wiki tano kabla ya harusi, na lingeweza kutugeuzia shangwe kuwa msiba.

Binti wa dada yangu amekulia Maskati. Kwa miaka miwili sasa, kila mwisho wa wiki, anakwenda kujifunza kupanda farasi na kuruka viunzi. Si bingwa, lakini anajitahidi. Mwezi ule alituma video akivuka kiunzi cha sentimita 90, na sisi huku Unguja tukapiga vigelegele kwenye simu kama vile ameshinda kombe. Wiki moja baadaye akaanguka. Alikuwa anaruka kitu gani? Miti miwili iliyopishanishwa kama herufi ya X, katikati yake inafika gotini. Sentimita 50. Kiunzi cha kupashia mwili moto, wanachoanzia watoto.

Aliinuka, akajikung'uta mchanga, akacheka pamoja na wenzake, akaenda nyumbani. Siku ya pili usiku akanipigia simu.

"Mamdogo, taa zinaniumiza macho. Na nimetapika mara mbili."

"Mama yako anajua?"

"Usimwambie, tafadhali. Kiunzi chenyewe kilikuwa kidogo, ataona nadeka. Na wakwe wakisikia nimeanguka saa hizi, watasemaje?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kamwamshe mama yako sasa hivi. Usipomwamsha wewe, nampigia mimi."

Hospitali walimkuta na mtikisiko wa ubongo. Alhamdulillah, haikuwa damu. Akaambiwa apumzike, asiangalie simu, asipande farasi mpaka daktari aseme. Lakini yale masaa thelathini na kitu aliyokaa kimya yamenikosesha usingizi kuliko anguko lenyewe. Alinyamaza kwa sababu moja tu: aliona aibu kwamba kiunzi kilikuwa kidogo.

Hiyo aibu ndiyo ninayotaka tuiangalie leo.

Hukumu tatu za barazani

Habari ilipofika Unguja, kila mtu akatoa hukumu. Wa kwanza akasema, "Kijiti cha goti! Mimi nakivuka na ndoo ya maji kichwani." Wa pili akasema ni jicho, ile video ya sentimita 90 ndiyo iliyomponza. Wa tatu akamaliza mazungumzo kwa kusema farasi si kazi ya mwanamke, na hasa mwanamke anayeolewa.

Wote nawaheshimu, ni wakubwa zangu. Lakini katika hili sikubaliani nao hata mmoja, na nina haki kidogo ya kusema. Nilipokuwa nikiishi Maskati na mume wangu, nami nilijifunza kupanda, baada ya mtoto wa pili. Nimeanguka mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa kwenye viunzi ambavyo mtu anaweza kuvivuka kwa mguu bila kupandisha buibui. Kwenye vikubwa sikuwahi kuanguka. Nitasema ukweli: vikubwa nilivyoruka havifiki vitano.

Na hilo ndilo jibu la kwanza, la kawaida kabisa. Wanaoanguka kwenye viunzi vidogo ni wengi kwa sababu wanaoruka viunzi vidogo ni wengi, na wengi wao ndio kwanza wanajifunza. Viunzi vya Olimpiki hufika mita 1.60 na kuzidi kidogo, na wanaovifikia duniani ni wachache wenye miaka mingi ya kazi. Sisi wengine tunabaki kwenye goti. Lakini jibu hilo halitoshi, maana binti yetu alikuwa ameshavuka kimo kikubwa karibu mara mbili. Kwa nini basi hiki?

Tunaanguka kutoka wapi hasa?

Tuanze na hesabu. Farasi wa kawaida wa kuruka ana kimo cha kama mita 1.60, pale shingo inapokutana na mgongo. Ukikaa juu yake, kichwa chako kiko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Akienda shoti ya polepole anakupeleka kama kilomita 20 kwa saa. Uzito wake ni karibu kilo 500. Sasa niambieni, katika vipimo hivyo ni kipi kinachopungua kwa sababu kiunzi kilicho mbele ni cha goti?

Hakuna. Mtu haanguki kutoka juu ya kiunzi. Anaanguka kutoka mgongoni mwa farasi, na mgongo wa farasi uko palepale, kiunzi kiwe kikubwa au kidogo. Anayesema "ameangukia kijiti" anapima kitu ambacho hakikumwangusha.

Kuna kisa kinachojulikana dunia nzima. Mwezi wa Mei 1995, katika jimbo la Virginia huko Marekani, mwigizaji Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman, alikuwa kwenye mashindano ya farasi. Kiunzi cha tatu kilikuwa na kimo cha kama mita 1, na kwa mashindano kama hayo hicho si kiunzi cha kutisha. Farasi wake alikikaribia vizuri, kisha akasimama ghafla. Farasi alisimama, mpandaji hakusimama. Mikono yake ikanasa kwenye hatamu, hakuweza kujikinga, akatangulia kichwa. Shingo ikavunjika juu kabisa. Alipooza kuanzia shingoni mpaka alipofariki mwaka 2004. Mtu mwenye nguvu, mwenye mafunzo, na kiunzi kisichofika kifuani.

Sisemi haya kuwatisha. Nasema ili neno "kidogo" litutoke mdomoni.

Moyo unaruka kabla ya farasi

Nilipoanguka mara ya kwanza, mwalimu wangu, mama mmoja mtu mzima, hakuniuliza kama farasi ana wazimu. Aliniuliza, "Nani aliruka kwanza, wewe au yeye?"

Nilikuwa mimi. Na hii, kwa nilivyoona, ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Farasi anaporuka kiunzi kikubwa, mabega yake yanapanda, shingo inanyooka, mgongo unaviringika. Mwili wake unakuja juu kukukuta, na wewe unajikunja kwa sababu yeye amekukunja. Kwenye kiunzi cha sentimita 50 hakuna kitu kama hicho. Hatua moja ya shoti yake ni kama mita 3 na nusu, kwa hiyo kiunzi kile kwake ni hatua ya kawaida iliyonyanyuliwa kidogo. Hakuna kinachokuja juu kukukuta. Lakini mwanafunzi amesikia "inama ukiruka", basi anajitupa mbele kwa nguvu zote kama anayeruka mita 1 na nusu. Anajitupa hewani. Kifua chake kinafika shingoni mwa farasi wakati miguu ya farasi bado iko chini.

Hapo farasi akisimama, au akiongeza hatua moja fupi kabla ya kuruka, mpandaji ameshaondoka. Kilichobaki ni kuteleza begani kama nguo iliyoponyoka kambani. Binti wa dada yangu, nilipomwuliza siku alipoweza kuongea vizuri, alisema hivyohivyo: "Mamdogo, mimi nilikuwa nimeshavuka. Yeye alikuwa bado."

Jambo hili lina historia. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wapandaji wengi wa Ulaya walifundishwa kulalia nyuma wakati farasi anaruka, na kuvuta hatamu. Afisa mmoja wa jeshi la farasi la Italia, Federico Caprilli, aliona kwamba hilo linamuumiza mnyama mdomo na mgongo, mpaka anachukia kuruka. Akafundisha mpandaji ainuke kidogo kwenye tandiko, awe mwepesi, amfuate farasi anakokwenda. Mwaka 1902 huko Turin yeye mwenyewe aliruka mita 2.08, na mtindo wake ukaenea duniani. Lakini wanafunzi wengi wamelishika neno "mbele" wakaliacha neno "mfuate". Kumfuata mtu na kumtangulia ni vitu viwili. Mke na mume wanalijua hilo, na mpanda farasi pia. Caprilli mwenyewe alifariki Turin mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Elimu yako ikiwa kubwa kiasi gani, ardhi haikusamehe.

Jicho

Nije kwa aliyesema jicho. Husuda ipo, dini yetu imetufundisha kujikinga nayo, na sipingi. Lakini kabla hatujalilaumu jicho la mtu, tuulize jicho la mpandaji lilikuwa linatazama wapi.

Kiunzi kikubwa hukitazami ukiwa juu yake, unaogopa. Macho yako yako mbele, unatafuta pa kutokea. Kiunzi kidogo kinakushawishi uangalie chini uone kama miti imegongwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 mpaka 5, na hapo hujaongeza helmeti. Kikiinama, mabega yanakifuata, na mabega yakienda, mwili wote unakwenda. Wale wenye kubeba ndoo kichwani wanajua: ukitazama vidole vya miguu, maji yanamwagika. Mwalimu wangu alikuwa ananiambia nitazame mtende uliokuwa nyuma ya uzio, na nisiuache mpaka farasi ametua.

Baada ya jicho, tazama mguu. Mwenye hofu au mwenye haraka hubana magoti. Akibana magoti, sehemu ya chini ya mguu inateleza nyuma, kisigino kinapanda, na goti linakuwa kama skrubu ya mkasi: juu unaanguka mbele, chini unakwenda nyuma. Mguu wa mpanda farasi ni kama mirengu ya ngalawa. Haisukumi chombo, lakini bila yake upepo mdogo tu unakipindua. Kisigino kikishuka na mguu ukibaki chini ya mwili, farasi anaweza kujikwaa, kusimama au kupiga mateke ya furaha, na wewe ukabaki umekaa.

Farasi naye hakipi heshima

Tusimlaumu mnyama, lakini tumwelewe. Kiunzi kikubwa kinamwamsha. Anakusanya nguvu, masikio yanasimama, anapima. Kiunzi cha goti anakiona kama mti ulioanguka njiani. Anakijia kivivu. Na farasi anayekwenda bila nguvu ana hiari nyingi: anaweza kusimama, anaweza kupindia pembeni, anaweza kuruka akiwa karibu kama amesimama, ukarushwa juu kama mpira, anaweza hata kukikanyaga akajikwaa.

Tena farasi ana macho ya pembeni. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma yake. Akishafika karibu sana, kiunzi kinapotea chini ya pua. Anaruka kwa kumbukumbu ya alichokiona hatua chache zilizopita. Basi ukimvuruga kwenye hatua ya mwisho, kwa kumvuta hatamu au kumwinamia shingoni, unamvuruga wakati haoni.

Hapo ndipo udogo wa kiunzi unapotuponza. Kwa kiunzi cha sentimita 90 binti yetu alijiandaa tangu kwenye kona. Alihesabu hatua, alishusha kisigino, alisoma Bismillahi kwa sauti, tuliisikia kwenye video. Kwa kile cha sentimita 50, alikiri mwenyewe, alikuwa anafikiria fundi wa nguo. Shela lilikuwa limekosewa mikono. Kiunzi kilikuwa kidogo, na yeye akakipa akili kidogo. Farasi akampa nguvu kidogo. Vidogo vitatu vimekutana, na anguko limetoka kubwa.

Na wengine wanavuka salama, kisha wanaanguka wakitua, kwa sababu wameshaanza kumpigapiga farasi shingoni kumpongeza. Kuruka hakumaliziki juu. Kunamalizika farasi anapopiga hatua yake ya kawaida upande wa pili.

Kuanguka si aibu ya mwanamke

Sasa wale wanaosema farasi si wetu. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa hapahapa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda wanyama, wa kiume na wa kike. Mwaka 2010, kwenye Olimpiki ya Vijana kule Singapore, msichana wa Saudi Arabia, Dalma Malhas, alipata medali ya shaba katika kuruka viunzi. Mama yake naye ni mpanda farasi. Kwa hiyo tusiseme hili limeletwa jana.

Na dini yetu haikuficha kwamba watu huanguka. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Aadiyat, inaanza kwa kiapo cha farasi wanaokwenda mbio. Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyopokea Anas bin Malik, aliwahi kuanguka kutoka kwenye farasi akaumia ubavu wa kulia. Masahaba wakaenda kumtazama, naye akawasalisha akiwa amekaa. Hakuna aliyeuliza farasi alikuwa anaruka nini. Walikwenda kumjulia hali, basi. Hakujilazimisha kusimama ili watu wasimwone ameumia. Mimi hapo ninaona somo zima.

Anas huyohuyo alikuwa na mama mdogo aitwaye Umm Haram bint Milhan, Mwenyezi Mungu amridhie. Alitamani kuwa miongoni mwa Waislamu watakaosafiri baharini, na Mtume (S.A.W.) alimbashiria hivyo. Katika ukhalifa wa Uthman alivuka bahari na jeshi la Muawiya kwenda Cyprus. Bahari ile, kwa vyombo vya wakati ule! Aliivuka salama. Alipokuwa nchi kavu akaletewa mnyama wa kupanda, akaanguka kutoka kwake, na hilo ndilo lililokuwa ajali yake. Kaburi lake liko Larnaca, kando ya ziwa la chumvi, na mpaka leo watu wanalizuru. Karne zaidi ya 13 zimepita na hakuna mwenye akili anayesema, "Amevuka bahari akashindwa na mnyama." Tunasema radhiya Allahu anha.

Kama hatuoni aibu kwa ajili yake, kwa nini tumfanye binti wa miaka 24 aone aibu mpaka afiche maumivu ya kichwa?

Kwa anayetaka kupanda, na hasa bi harusi

Siku hizi mabiharusi wengi wanataka picha za farasi ufukweni, na wengine fungate lao wanalianzia hapo. Sikatazi. Nawaomba haya tu.

Helmeti ikae sawasawa. Chini yake vaa hijabu ya michezo, tabaka moja, bila pini na bila kibanio. Pini ikigongwa inaingia kichwani, na fundo kubwa la nywele linainua helmeti ikawa pambo. Helmeti iliyokwisha gongwa mara moja isitumike tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Mtandio uishie ndani ya nguo. Abaya ndefu na mkia wa shela hunasa kwenye vikuku vya tandiko, pale miguu inapokanyaga. Kama ni picha tu, mwenye farasi amshike mwenyewe kwa kamba, aende mwendo wa mguu, na msiruke kitu chochote, hata gogo lililoletwa na maji.

Viatu viwe vya kufunika, vyenye kisigino kifupi, mguu usije ukapita kwenye kikuku ukaburutwa. Kandambili na vya kung'arisha viache kwa ukumbini.

Mkanda wa tandiko ukazwe tena baada ya dakika chache za kutembea. Farasi wengi hujaza tumbo wanapofungwa, kisha tandiko linalegea.

Kwa wanaojifunza kuruka: kiunzi cha goti kijie kama kiunzi cha kifua. Kona nzuri, nguvu ya kutosha, kisigino chini, macho mbali. Msubiri farasi. Ukichelewa kidogo utamkosea adabu, shika nywele za shingoni usimvute mdomo. Lakini ukimtangulia, unaweza kujikuta huko mbele peke yako.

Na ukianguka, sema. Sema siku hiyohiyo, kwa mtu mzima unayekaa naye. Kichwa kikiuma, ukitapika, mwanga ukikuchoma, ukisahau kilichotokea, ukilala kusiko kwa kawaida, nenda hospitali, na usilale peke yako chumbani. Usipime anguko kwa kiunzi. Pima kwa kichwa chako.

Nasi tunaosikiliza tuna wajibu. Binti akisema ameanguka, swali la kwanza liwe "Umeumia wapi?" Hilo la "Uliruka nini?" liulizwe baada ya wiki, kama lina haja. Yule shangazi aliyesema kijiti cha goti hakuwa na nia mbaya, ni maskhara ya kawaida ya nyumbani. Lakini binti alikuwa ameshayasikia maskhara hayo kichwani mwake kabla hayajasemwa, na ndiyo yaliyomnyamazisha.

Nikaha ilifungwa salama. Daktari alimruhusu kusafiri, tukapunguza ngoma, tukaweka taa hafifu siku ya hina, na somo yake akahakikisha analala mchana. Farasi bado hajampanda. Anasema atarudi, inshaallah, na ataanza na miti ile ile miwili.

Siku ya tatu ya harusi mumewe alimtania mbele yetu, "Kwani hicho kiunzi kilikuwa kikubwa kiasi gani?" Wote tukanyamaza. Binti akasimama, akanyoosha mkono wake wenye piko sawa na paji la uso wake, kimo cha mgongo wa farasi.

"Hapa," akasema. "Nilianguka kutoka hapa."

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu, juu ya farasi na chini yake, na atupe ndimi za kuuliza kwa huruma. Wabillahi tawfiq.